Kadi Isiyoombwa: Historia ya Haki ya Kukana Deni la Kadi ya Mkopo Nchini Marekani

Kwa muda wa miaka kumi na miwili hivi, tangu Septemba 1958 hadi Oktoba 1970, benki za Marekani zilikuwa na desturi ya kuwapelekea watu kwa posta kadi za mkopo ambazo hawakuwa wameziomba, zikiwa tayari kutumika dukani siku ileile zilipofika. Kadi ya mkopo, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kadi inayompa mwenye nayo ruhusa ya kununua kwa fedha za benki hadi kiwango kilichowekwa na kulipa baadaye, ama deni lote kwa mkupuo, ama kidogokidogo pamoja na riba. Desturi hiyo ndiyo iliyoijenga biashara ya kadi zinazotumika leo karibu duniani kote, na ndiyo pia iliyoibua swali la kisheria ambalo kwa miaka mingi halikupata jibu la kuridhisha: mtu akiletewa ankara ya vitu ambavyo hakununua, kwa kadi ambayo hakuiomba na pengine hakuwahi hata kuiona, ni nani anayepaswa kuleta ushahidi, yeye kwamba hadaiwi au benki kwamba anadaiwa?

Kununua kwa mkopo kwenyewe kulikuwa jambo la zamani. Maduka makubwa ya Marekani yalikuwa yakiwapa wateja wao wa kuaminika vipande vya chuma vyenye namba tangu mwishoni mwa karne ya 19, kampuni za mafuta zikafuata kwa kadi za kununulia petroli, na mwaka 1950 Diners Club ilianzishwa mjini New York kwa ajili ya watu waliotaka kula hotelini bila kubeba fedha taslimu. Katika mipango hiyo kwa kawaida mteja ndiye aliyeanza kwa kuomba, akachunguzwa, akakubaliwa au akakataliwa, na kwa hiyo kulipozuka ubishi kuhusu deni palikuwa na makubaliano ya kurejea. Benki zilipoingia katika biashara hii utaratibu huo uligeuzwa, kwa kuwa kadi ilitangulia na makubaliano yakategemewa kufuata.

Sababu ya kugeuzwa huko ilikuwa ya kibiashara, nayo inaeleweka kwa urahisi. Mwenye duka hakuwa na haja ya kuipokea kadi ambayo hakuna mteja aliyekuwa nayo, hasa kwa kuwa alitakiwa kuiachia benki sehemu ya kila mauzo, na mteja naye hakuwa na haja ya kuiomba kadi ambayo hakuna duka lililoipokea. Bank of America ya California, iliyoasisiwa na A. P. Giannini mjini San Francisco mwaka 1904 kwa jina la Bank of Italy na ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa benki kubwa kuliko zote duniani, iliukata mzunguko huo kwa kuamua kuwa na wenye kadi wote kwa siku moja. Ofisa aliyesimamia mpango huo, Joseph P. Williams, aliuchagua mji wa Fresno, ulio katika bonde la kilimo katikati ya jimbo, kwa sababu karibu asilimia 45 ya familia za huko zilikuwa tayari wateja wa benki hiyo, na kwa sababu mji ulikuwa mbali na magazeti makubwa kiasi kwamba jaribio lingeshindwa bila aibu kuenea. Tarehe 18 Septemba 1958 kadi 60,000 hivi zilipelekwa kwa posta kwa wakazi wa Fresno. Ziliitwa BankAmericard, kiwango chake cha mkopo kilikuwa kati ya dola 300 na 500, na wafanyabiashara zaidi ya 300 wa mjini walikuwa wamekwisha kukubali kuzipokea na kuikatia benki asilimia 6 ya mauzo. Hakuna aliyeulizwa kama anaitaka.

Katika muda wa mwaka mmoja na ushei desturi hiyo ilienea jimbo zima, hata kufikia Oktoba 1959 kadi zilizokwisha kusambazwa California zilikuwa milioni 2. Matokeo ya awali yaliitisha benki. Ilikuwa imetarajia kwamba asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipwa, lakini zilizochelewa zilifika asilimia 22. Ilipata hasara iliyotangazwa rasmi kuwa dola milioni 8.8, na ambayo kwa kujumlisha gharama za matangazo na uendeshaji ilikaribia milioni 20. Na Williams aliondoka kazini kabla ya mwaka 1959 kwisha. Wizi wa kadi, jambo ambalo waandaaji hawakulipa uzito wa kutosha, ulizuka tangu mwanzo, hasa Los Angeles. Hata hivyo, benki iliukarabati mpango badala ya kuufuta, na kufikia mwaka 1961 ulikuwa ukileta faida, jambo ambalo ililificha kwa makusudi kwa miaka kadhaa ili washindani wasiamke. Hapa ndipo palipo kiini cha yaliyofuata, kwa maana funzo ambalo benki nyingine zililipata California baadaye lilikuwa kwamba hasara ya kutawanya kadi ni ada ya kuingia sokoni ambayo hurudi, na katika hesabu hiyo usumbufu wa mtu aliyetumiwa kadi bila kuomba haukuwa na safu yake.

Mwaka 1966 Bank of America ilianza kuziruhusu benki za majimbo mengine kutumia jina la BankAmericard kwa malipo, na mwaka huohuo benki nyingine ziliunda ushirika wa Interbank, ambao kadi yake ilikuja kuitwa Master Charge na hatimaye Mastercard, kama vile BankAmericard ilivyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Mbio za kutawanya kadi zikaanza nchi nzima. Mji ulioonja uchungu wake kuliko mingine ulikuwa Chicago, ambako miezi michache kabla ya Krismasi ya mwaka 1966 benki kubwa za mji, zikishirikiana na benki ndogo za vitongoji, zilituma kadi zipatazo milioni 5. Kwa kuwa kila benki ilitumia orodha zake za majina na orodha hizo zilipandana, zipo familia zilizopata kadi nyingi kwa mpigo, nyingine hadi 15. Kadi ziliwafikia watoto wadogo, marehemu na watu waliokuwa wamehama zamani. Wezi hawakuhitaji ufundi wowote. Bahasha yenye kipande kigumu cha plastiki hutambulika kwa vidole hata kabla ya kufunguliwa, na masanduku ya barua ya majengo ya kupanga yalikuwa ukumbini, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kufika. Tena wapo wafanyakazi wa posta walioziiba kadi kabla hazijaondoka ofisini, wakaziuza kwa magenge ya wahalifu.

Ili kuelewa kwa nini kadi iliyoibwa iliweza kutumika kwa wiki kadhaa bila kizuizi, ni lazima kuangalia jinsi malipo yalivyofanyika dukani katika zama hizo. Muuzaji aliilaza kadi katika kimashine kidogo cha mkono, akaweka juu yake hati ya mauzo yenye nakala zilizotenganishwa kwa karatasi ya kaboni, kisha akasukuma roli iliyokandamiza herufi zilizoinuka za kadi hadi jina na namba vikajichapa katika nakala zote. Mnunuzi aliweka saini, na saini hiyo ililinganishwa na ile iliyo nyuma ya kadi. Lakini kadi iliyotumwa kwa posta ilikuja na nafasi ya saini ikiwa tupu, na kwa hiyo mwizi aliandika mwenyewe saini ambayo baadaye ingelinganishwa na yake. Muuzaji alipaswa kuipigia simu benki pale tu bei ilipozidi kiwango kilichowekwa, na mwizi mwenye busara alinunua vitu vya bei iliyo chini ya kiwango hicho, duka baada ya duka. Kulikuwa na vijitabu vya namba za kadi mbaya vilivyosambazwa madukani mara kwa mara, lakini namba iliingia humo baada tu ya mtu kutoa taarifa ya upotevu, na mtu ambaye hakujua kwamba ametumiwa kadi hangeweza kutoa taarifa kwamba imepotea. Kwa hiyo habari ya kwanza aliyoipata mara nyingi ilikuwa ankara.

Kwa kanuni za jumla za mikataba mtu huyo alikuwa na hoja nzito. Mkataba huhitaji upande mmoja utoe pendekezo na upande wa pili ulikubali, na tangu zamani mahakama za nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza zimeshikilia kwamba kunyamaza peke yake si kukubali. Asiyejibu barua ya muuzaji hajanunua kitu. Asiyeomba kadi, asiyeitia saini wala kuitumia, hakuwa na mkataba na benki. Tatizo ni kwamba hoja hiyo ilikuwa na thamani mahakamani tu, na watu wachache sana walikuwa na uwezo wa kufika huko kwa ajili ya deni la dola 200. Nje ya mahakama benki ndiyo iliyokuwa na daftari. Ankara ilirudi mwezi baada ya mwezi, safari hii ikiwa na riba juu yake. Barua ya malalamiko ilijibiwa na ankara nyingine, kwa kuwa hesabu zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta zilizochapa madai bila kusoma barua. Kisha jina likapelekwa kwa kampuni za taarifa za wakopaji, yaani kampuni zinazokusanya na kuuza habari za nani hulipa madeni na nani halipi, na mtu akanyimwa mkopo wa nyumba kwa sababu ya kadi ambayo hakuwahi kuigusa. Wengi walilipa ili wapate kupumua. Ni sahihi kusema kwamba katika kipindi hiki haki ilikuwepo lakini njia ya kuifikia haikuwepo, na haki ya namna hiyo haimsaidii mtu wa kawaida kwa lolote.

Kilichowaamsha wanasiasa ni Chicago. Mwaka 1967 Wright Patman wa Texas, mwenyekiti wa kamati ya benki ya Baraza la Wawakilishi na mtu aliyekuwa na uadui wa muda mrefu na benki kubwa, alifungua mjadala kuhusu muswada wa kupiga marufuku utumaji wa kadi zisizoombwa. Betty Furness, mshauri wa Rais Lyndon Johnson katika masuala ya walaji, aliufananisha utumaji huo na kumpa sukari mgonjwa wa kisukari, kauli iliyolenga hatari ya madeni kuliko hatari ya wizi. Benki zilijibu kwamba bila kutuma kadi kwa wingi hakuna mpango mpya ungeweza kuanza, na Benki Kuu ya Marekani katika ripoti yake ya mwaka 1968 haikuona kwamba matatizo yamefikia kiwango cha kuhitaji sheria mpya. Sheria ya ukweli katika ukopeshaji iliyopitishwa Mei 1968, ambayo iliwalazimisha wakopeshaji kutaja riba yao waziwazi, iliacha suala la kadi zisizoombwa bila kuligusa. Hoja ya benki haikuwa ya uongo, kwa kuwa marufuku ya baadaye kweli iliwanufaisha waliokwisha kutawanya kadi zao kuliko waliochelewa. Kasoro yake ni kwamba ilichukulia usumbufu wa mamilioni ya watu wasiohusika kuwa malighafi halali ya kuanzishia biashara.

Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo cha serikali kinachosimamia ushindani na haki za walaji, ilitoa kanuni ya kuzuia kadi zisizoombwa mapema mwaka 1970, lakini mamlaka yake hayakuzigusa benki, yaani watumaji wakubwa zaidi. Ilibidi Bunge limalize kazi. Kwa msukumo wa Seneta William Proxmire wa Wisconsin, marufuku iliingizwa katika sheria iliyotiwa saini tarehe 26 Oktoba 1970, sheria ileile iliyoanzisha pia haki ya mtu kuona na kurekebisha habari zake katika kampuni za taarifa za wakopaji. Inakadiriwa kwamba hadi siku hiyo kadi milioni 100 zilikuwa zimekwisha kutumwa.

Vifungu vyake vinastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu nguvu yake haimo katika marufuku peke yake. Kifungu cha 132 kinasema kwa ufupi kwamba kadi ya mkopo haitatolewa ila kwa kuombwa, isipokuwa inapochukua nafasi ya kadi iliyokwisha kukubaliwa. Kifungu cha 133 kinaweka ukomo wa dola 50 kwa deni ambalo mwenye kadi anaweza kubebeshwa pale kadi yake inapotumiwa na mtu asiye na idhini, na ukomo huo ndio unaokumbukwa na wengi. Lakini hata dola hizo 50 hudaiwa tu ikiwa kadi ilikuwa imekubaliwa, na sheria inaeleza kukubali huko kuwa ni kuiomba na kuipokea, au kuitia saini, au kuitumia, au kumruhusu mwingine aitumie. Kwa hiyo kadi iliyoibwa ukumbini mwa jengo kabla mwenye jina hajaiona haimdai dola 50. Haimdai hata senti. Aidha, benki ilitakiwa iwe imempa mteja onyo kuhusu uwezekano wa kudaiwa pamoja na fomu ya kutoa taarifa ya upotevu, yenye anwani na stempu iliyolipiwa tayari, na kadi iwe na njia ya kumtambulisha mwenye nayo. Juu ya yote hayo, kifungu hicho kiliweka mzigo wa ushahidi, yaani wajibu wa kuthibitisha jambo linalobishaniwa, mabegani mwa mtoaji wa kadi: benki inayodai ndiyo inayopaswa kuonyesha kwamba matumizi yalikuwa na idhini, au kwamba masharti yote ya kumdai mteja yametimia. Swali lililokuwa limeulizwa tangu Fresno lilipata jibu lake katika sentensi hiyo moja, ambayo magazeti ya wakati ule hayakuipa nafasi iliyopewa dola 50.

Sheria hiyo iliacha pengo moja kubwa, kwani ilisema nani atashinda ubishi bila kusema ubishi uendeshwe vipi. Pengo hilo lilizibwa na sheria ya haki katika ankara za mikopo ya tarehe 28 Oktoba 1974, iliyoanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Kwa sheria hiyo mteja anayeona kosa katika ankara anapaswa kuandika barua ndani ya siku 60 tangu ankara ya kwanza yenye kosa hilo itumwe, akitaja jina lake, namba ya akaunti, kiasi anachokipinga na sababu. Benki inapaswa kukiri kuipokea ndani ya siku 30 na kumaliza uchunguzi ndani ya mizunguko miwili ya ankara, isiyozidi siku 90. Wakati huo wote mteja halazimiki kulipa kiasi kinachobishaniwa, ingawa hulipa kilichobaki, na benki haiwezi kulitangaza jina lake kuwa la mdaiwa sugu kwa ajili ya kiasi hicho. Masharti yake yana makali kwa pande zote mbili. Benki inaweza kusema kwamba malalamiko yaliyoandikwa pembeni mwa kipande cha kulipia hayahesabiki, na kwamba barua iende kwenye anwani maalumu ya maswali ya ankara, sharti ambalo mtu asiyesoma maandishi madogo hulipoteza kirahisi.

Umuhimu wa haki ya kudai ushahidi wa maandishi, iliyomo katika sheria hiyohiyo, uliongezeka kutokana na badiliko lililokuwa likitokea wakati uleule katika ankara zenyewe. Hapo awali benki zilimrudishia mteja, pamoja na ankara, nakala za hati za mauzo zenye saini, hivyo kwamba aliyesingiziwa aliweza kuiweka saini ngeni mezani na kuonyesha mara moja kuwa si mkono wake. Kadiri karatasi zilivyozidi kuwa mlima usiobebeka, nakala hizo ziliondolewa katika miaka ya 1970 na mahali pake pakawekwa mstari mmoja wa tarehe, jina la duka na kiasi. Ushahidi ukabaki benki, na mteja akabaki na neno lake pamoja na haki ya kuomba aonyeshwe.

Uingereza ilipita njia hiyohiyo kwa hatua chache. Barclaycard ilianza mwaka 1966 kwa kutuma kadi zaidi ya milioni moja, benki nyingine zikafuata mwaka 1972 kwa kadi ya Access iliyotumwa kwa mamilioni ya watu, na sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 ikafanya utumaji wa kadi isiyoombwa kuwa kosa la jinai, huku ikimtaka mkopeshaji athibitishe kwamba kadi ilitolewa kihalali na ikakubaliwa. Marekani yenyewe haikuwa na msimamo mmoja. Sheria ya uhamishaji wa fedha kwa elektroniki ya mwaka 1978, inayohusu kadi zinazotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja, iliruhusu kadi hizo zitumwe bila kuombwa mradi ziwe zimefungwa hadi mpokeaji mwenyewe aombe zifunguliwe, na ilimwachia mteja anayechelewa kutoa taarifa mzigo mkubwa kuliko dola 50. Ni vigumu kuutetea mpangilio unaomlinda zaidi mtu ambaye fedha zilizoibwa ni za benki kuliko yule ambaye fedha zilizoibwa ni zake.

Sheria za 1970 na 1974 zilitungwa zikimfikiria mwizi aliye nje ya benki. Baadaye mwizi hakuhitaji tena bahasha, kwa kuwa aliweza kuiomba kadi yeye mwenyewe kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mwingine, na kwa jicho la benki kadi hiyo ilikuwa imeombwa. Kanuni ilibaki ileile, kwamba asiyeomba hadaiwi, lakini kuithibitisha kulihitaji sasa kuonyesha kwamba ombi lenyewe lilikuwa la uongo.

Jambo ambalo watunga sheria hawakulifikiria kabisa ni kwamba ombi la uongo lingeweza kuandikwa na wafanyakazi wa benki yenyewe. Tarehe 8 Septemba 2016 Wells Fargo, moja ya benki kubwa za Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba watumishi wake, wakishinikizwa na malengo ya mauzo yasiyofikika, walikuwa wamefungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Hesabu ya awali ilitaja akaunti za amana zaidi ya milioni 1.5 na maombi ya kadi za mkopo yapatayo 565,000 yaliyoshukiwa kutokuwa na idhini, na akaunti 14,000 hivi kati ya hizo za kadi zilikuwa zimetozwa ada na makato yanayozidi dola 400,000. Wafanyakazi 5,300 hivi walikuwa wamefukuzwa. Gazeti la Los Angeles Times lilikuwa limeuandika mwenendo huo tangu Desemba 2013, na mwendesha mashtaka wa jiji la Los Angeles alikuwa ameishtaki benki hiyo Mei 2015.

Hapo mteja alikuwa na vifungu vyote vya 1970 upande wake, pamoja na mzigo wa ushahidi uliomwelemea mpinzani wake. Hata hivyo, wateja walipofungua mashtaka ya pamoja, benki ilidai kwamba kesi zao zisisikilizwe mahakamani bali zipelekwe kwa msuluhishi binafsi, mmoja mmoja na kwa faragha, kwa sababu walipofungua akaunti zao halisi walikuwa wametia saini mkataba wenye sharti la usuluhishi. Kwa maneno mengine, saini iliyotolewa kwa akaunti iliyoombwa ilitumiwa kumzuia mtu kulalamikia hadharani akaunti isiyoombwa, na kwa muda hoja hiyo ilikubaliwa na mahakama. Benki hatimaye ilimaliza shauri hilo kwa makubaliano ya dola milioni 142, yaliyoidhinishwa mwaka 2018, baada ya shinikizo la umma na la Bunge, lakini bila mahakama kutoa uamuzi wa mwisho kama sharti la aina hiyo linaweza kufunika kadi ambayo mwenye jina hakuwahi kuiomba.